Mlango Mdogo Kwenye Plafo

Saa sita mchana Émerence alitoka nje na mtoto kifuani. Ndani hakukukalika. Manjanja, yaani mabati ya paa, yalikuwa yamechomwa na jua tangu asubuhi. Nahum alikuwa na majuma sita tu. Mgongo wake ulijaa vipele vya joto, na kila mchana alikataa kunyonya. Hilo ndilo lililomtisha mama yake.

Mumewe, Banza, alikuwa juu ya ngazi na nyundo. Alitaka kujaza majani makavu juu ya plafo, yaani dari, kisha aipigilie misumari pande zote.

"Nafunga yote!" alisema. "Popo haitaingia tena, joto haitaingia tena."

Jirani yao, Mama Lucienne, fundi wa plafo, akacheka.

"Weye Banza, unajengea mutoto nyumba ao sanduku? Nsinga ya kura ikiungua mule mu majani, utapita wapi?"

Banza akautazama waya wa umeme uliopita juu ya plafo, akashusha nyundo. Émerence, mwenye haya siku zote, akasema polepole, kama anayemwomba dada mkubwa, "Yaya Lucienne, utusaidie. Minyi naogopa juu ya mutoto."

"Basi mupe baba yake. Njo tupande."

Kichwa cha Émerence kilipopita plafo, joto lilimpiga usoni. Alinyoosha mkono karibu na manjanja, akaurudisha upesi. Loo! Jua lote la Kamina lilikuwa limejilaza pale, juu tu ya kitanda cha mwanawe.

"Majani makavu inashika moto, na panya inazaa mule," Lucienne alieleza. "Tuichovye mu udongo ya maji, tuikaushe, tuipange katikati ya boriti. Boriti yenu iko na nguvu. Isifike ku manjanja, upepo upite. Ku matundu tuweke wavu, popo ibaki inje. Nsinga tusiifunike. Hapa tupige ubao ya kutembelea. Na tuache mulango mudogo. Kifuniko yake nayo tuijaze, joto isipite pale."

Kazi ilichukua majuma mawili, kwa sababu udongo ulitaka kukauka vizuri. Mchana Nahum alishinda kwa bibi yake, katika nyumba ya nyasi yenye ubaridi.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Tone likaanguka kutoka kwenye plafo. Banza akafungua mlango mdogo, akatembea juu ya ubao, akaona msumari wa bati uliolegea. Mvua ilipokatika, akaziba tundu.

"Eh! Ningepigilia, leo ningevunja plafo yote," alikiri.

Kesho yake jua lilirudi kali. Saa sita Émerence aliingia ndani, akasimama kama mtu aliyeingia kanisani. Hewa ilikuwa tulivu. Aligusa mgongo wa Nahum aliyelala kitandani. Mkavu! Mtoto akafumbua macho, akatafuta titi.

Banza alitokea mlangoni, akitaka kusema kitu.

"Nyamaza," Émerence alinong'ona. "Sikia."

Nyumba nzima ilikuwa na sauti moja tu: Nahum anameza.