Kijitabu cha Babu Emil

Kila jioni, ng'ombe wakishakamuliwa, Lorene Kubat aliosha vyombo huku babu yake, Mzee Emil, akisikiliza redio jikoni. Lakini siku ya mzee hasa ilikuwa Jumapili. Saa nne asubuhi redio ya mji ilipiga muziki wa akordioni, wa wazee wa Kicheki waliohamia Nebraska, Marekani, zamani, kisha mtangazaji akasoma majina ya wagonjwa na marehemu. Kila Oktoba lilisomwa jina la marehemu mke wa Mzee Emil, Bibi Vlasta, na mzee alivua kofia.

Mwezi wa Machi kampuni moja ya utafiti ilimwandikia mzee barua. Ilimwomba aandike kwa wiki nzima, katika kijitabu, anasikiliza redio gani na saa ngapi. Mzee alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

"Mikono yangu inatetemeka, Lore. Mimi nitasema, wewe utaandika. Sawa?"

"Sawa, Babu."

Siku ya kwanza Lorene aliandika vizuri. Siku ya pili uvivu ukamwingia. Babu alisema, na yeye akaitikia tu, kalamu iko mezani. Alhamisi simu ikalia.

"Habari za jioni. Samahani kwa usumbufu," alisema mama mmoja wa kampuni ile kwa upole. "Naomba kujua kama Bwana Kubat anaendelea vizuri na kijitabu chetu."

"Kwetu wanaosikiliza redio ni ng'ombe," Lorene alijibu. "Nikuitie mmoja?"

Akakata simu, akacheka mpaka akashika mbavu. Siku ya mwisho alijaza kurasa zote kwa mpigo: muziki wa vijana kutwa kucha, hata Jumapili. Akakitia posta.

Agosti kipindi kile cha Jumapili kiliondolewa. "Utafiti umeonyesha wasikilizaji hawatoshi," mtangazaji alieleza. Katika wilaya ile walioulizwa walikuwa wachache mno. Huenda kijitabu kimoja kisingeokoa kitu, hakuna ajuaye. Lakini Lorene alijua alichoandika.

Jumapili ya kumbukumbu ya Bibi Vlasta ilipofika, mzee alikaa kando ya redio iliyozimwa, kofia mkononi. Lorene hakuweza kuvumilia zaidi. Akamweleza yote, akilia kwa kwikwi.

Mzee hakufoka. Heri angefoka.

"Nina miaka themanini na mmoja," alisema polepole. "Maisha yangu yote watu wameniamuru: lima, lipa kodi, nenda vitani. Barua ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi napenda nini. Na wewe ukanijibia."

Mama yake Lorene, Adela, alikuwa mlangoni na alisikia kila neno. Alimletea binti yake karatasi.

"Futa machozi, ukae uandike. Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Waandikie watu wa utafiti ukweli, umwombe radhi na yule mama wa simu. Kisha waandikie redio."

Baada ya wiki mbili meneja wa redio alijibu. Matokeo ya utafiti hayabadiliki, lakini barua ya Lorene aliisoma mara mbili. Angekipa kipindi nusu saa, kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mpaka utafiti mwingine ufanywe.

Jumamosi ya kwanza mzee aliamka mapema, akasikiliza mpaka mwisho. Adela alimvuta Lorene kando.

"Anayekuuliza maoni yako amekuheshimu, mwanangu. Kama hutaki, sema 'samahani, sitaweza', naye atakushukuru. Ukikubali, jibu kweli na kwa wakati. Na jibu la mwenzio ni amana, usilitie mkono wako."

"Lakini kipindi si kimerudi, Mama?"

"Kimerudi. Jina la bibi yako mwaka huu halikusomwa, na babu yako hajui kama Oktoba nyingine ataiona."