Siku Taa Ilipong'aa Kupita Kiasi

Kila asubuhi mke wa mchomeleaji alisikia vifaranga ng'ambo ya ukuta. Jirani yake aliangua mayai kwa mashine ya umeme, na watu wakamwita Mama Vifaranga. Wawili hao walikuwa chanda na pete.

Nyumba zao zilikuwa mwisho kabisa wa laini ya umeme ya viwandani. Viwanda vikifanya kazi, taa zao zilififia zikawa nyekundu kama kaa. Basi mchomeleaji akaunda mashine ya upepo ya kufua umeme.

"Niende kwanza ofisi ya umeme, waje wapime," alisema.

"Wapime nini, baba watoto?" mkewe akamcheka. "Umeme ni umeme. Ukingoja karatasi zao, upepo utahama mji!"

Mume akaunganisha mashine kwenye laini. Siku za kazi mambo yakawa shwari.

Ikaja siku ya mapumziko. Viwanda vilifungwa, upepo ukavuma kwa nguvu. Taa ikang'aa, nyeupe pe.

"Dada, umeuona mwanga huo?" mke wa mchomeleaji alimwita jirani yake kwa furaha.

"Nauona, dada! Mumeo ametutoa gizani!"

Mchana kilio kikasikika ng'ambo. Kifaa cha kudhibiti joto katika mashine ya mayai kilikuwa kimeungua. Mayai mia tatu, yaliyobakiza siku mbili tu kuanguliwa, yote yalikuwa yamekufa.

Fundi wa umeme alikuja, akatikisa kichwa.

"Waya huu ni mwembamba, na umetoka mbali. Siku za kazi viwanda vinakula umeme wenu. Leo hauna mlaji, na mashine yenu inazidi kuusukuma, kwa hiyo volti zimepanda. Mama, taa ikizidi kung'aa, hiyo si neema. Ni onyo. Zimeni mashine, mtuite."

"Mimi nilishangilia," mke wa mchomeleaji alisema, macho chini.

"Tutapima laini siku ya kazi na siku ya mapumziko. Kisha tutafunga kifaa cha kuitenga mashine volti zikipanda. Na laini ikizimwa, kiitenge vilevile, msije mkamuua kwa umeme wenu fundi aliye juu ya nguzo."

Yote yakafanywa. Sasa taa haififii wala haizidi. Mchomeleaji alimletea jirani mashine mpya ya kuangulia, na vifaranga wanalia tena.

Kila asubuhi mke wa mchomeleaji husimama penye ukuta.

"Dada, umeamkaje?"

"Salama, jirani."

Jirani, si dada tena. Neno zuri tu. Lakini kila akilisikia, huikumbuka ile siku aliyomcheka mumewe.