Muuaji wa Dakika ya Kumi

Wateja wangu hawajui filamu. Wanakuja na flashi, wanaomba za mapenzi, wanataka kulia. Mimi nawawekea za wauaji, za Kikorea na za Kijapani, watake wasitake. Kwa Wakorea utapata mvua na mpelelezi aliyechoka. Kwa Wajapani, ukimya mrefu, halafu kisu. Dakika ya kumi nishamjua muuaji. Kusubiri mwisho ni kazi ya mbumbumbu.

Na kila flashi inayopita mkononi mwangu, nachota kimyakimya kilichomo, nakiweka kwenye kompyuta yangu. Wajinga ndio waliwao.

Jioni moja nikijiandaa kufunga, akaingia mteja. Koti limelowa, na nje hapakuwa na mvua. Alinuka udongo.

"Nichagulie ya Kikorea," alinong'ona. "Ambayo hutamjua muuaji wake."

Nilicheka, nikamwambia hiyo haijatengenezwa. Akaniachia flashi, akaomba maji. Nikamwelekeza jikoni, nyuma ya duka, kwa dada yangu, aliyenilea tangu mama afariki.

Alipotoka tu, nikachota. Filamu moja, haina jina. Nikaifungua.

Takataka. Mwanamke kaipa kamera mgongo, anakata vitunguu. Picha inatetemeka, utadhani kaipiga mlevi. Anayemnyatia haonekani, unasikia pumzi tu...

Ko. Ko. Ko. Kisu kwenye ubao.

Nikazima sauti.

Ko. Ko. Ko.

Ilikuwa inatoka nyuma ya ukuta.

Nilikimbia. Dada alikuwa mzima, peke yake, machozi ya vitunguu mashavuni. Nikamuuliza mteja yuko wapi.

"Mteja gani? Ni wewe tu uliyesimama hapo mlangoni, nikakuita hukuitika."

Nikarudi dukani. Flashi haikuwepo. Filamu ilikuwa inaendelea, dakika ya kumi. Mkono wenye kisu ukaingia kwenye picha. Shati la kijani, kifungo cha mkononi kinaning'inia.

Nikatazama shati nililovaa.

Nilihama wiki ile ile. Dada ananipigia simu akilia, anauliza amenikosea nini. Nampenda, kwa hiyo simwambii. Shati nililichoma. Filamu naifuta usiku, asubuhi naikuta palepale. Imebaki saa nzima, na mimi, bingwa wa kujua miisho, naogopa kuitazama.

Jana dada alinitumia kifurushi cha kuniomba radhi. Amenishonea mwenyewe, kwa mkono.

Shati la kijani. Kifungo kimoja hakikukazwa vizuri.