Cheti cha Wafula Kilikuwa na Fremu

Nina miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu, na nina karakana ya sufuria na makarai hapa Eldoret. Sokoni wananijua. Ukinitajia bei, inaanza kukohoa... Leo naungama.

Shule moja ilitaka sufuria kubwa za jikoni, lakini kwa sharti kwamba wafanyakazi wangu wanne wawe na vyeti vya mafunzo ya mashine. Mkufunzi alitaka siku tano, wote wanne, kazi isimame. Siku tano! Nani angepiga sufuria, malaika?

Nikabishana naye mpaka chai ikapoa. Tukakubaliana: siku moja, mtu mmoja, vyeti vinne. Huyo mmoja atafundisha wenzake. Nilitoka pale nikijipongeza.

Wafula, mmoja wa wale wanne na mtu wa kwetu, hakwenda. Lakini cheti alikipokea kwa mikono miwili. Shule aliachia darasa la sita, na hakuwahi kuwa na karatasi ya maana yenye jina lake. Akakitia fremu, akakitundika nyumbani kwake, mtaa wa Munyaka. Wenzake wakamwita Profesa wa Makarai.

Presi yetu, ile mashine inayokandamiza bati liwe karai, ina kinga ya kuzuia mkono usiingie. Sisi tulikuwa tunaiinua na kuifunga kwa waya, kazi iende mbio. Mkufunzi aliniambia baadaye kwamba hilo ndilo somo la siku ya pili. Siku ya pili... ambayo nilikuwa nimeikata.

Alhamisi moja asubuhi bati lilikwama. Wafula akaingiza mkono wa kulia.

Hospitalini nilihesabu vidole vyake, nikarudia. Sita.

Mtu wa bima alikuja hadi kitandani akauliza kama huyu alifunzwa. Mkewe, maskini, akakimbia Munyaka akaleta cheti na fremu yake, akidhani kitamwokoa mumewe! Yule bwana akakisoma polepole. Akasema mtu aliyefunzwa na bado akafunga kinga kwa waya amejiumiza mwenyewe. Hakuna fidia.

Wafula akanitazama.

"Mama Nekesa, mwambie. Mimi sikwenda."

Ningesema ukweli, karakana ingefungwa, na labda mimi pia. Nilipiga hesabu mara mbili, pale pale, mbele ya mgonjwa.

"Cheti ndicho hicho," nikasema. "Kina jina lako."

Wafula akakilaza kifudifudi kitandani, kwa mkono uliobaki mzima.

Sasa anauza mayai ya kuchemsha karibu na stendi, akiyamenya kwa mkono mmoja na kidole gumba. Nikipita hunisalimia vizuri, ila siku hizi haniiti Mama Nekesa. Ananiita Madam.

Na bado sijasema popote, ila hapa, bila jina langu halisi...

Wenzangu wenye karakana, mkufunzi akiwaambia siku tano, tafadhali, msimwulize ya mwisho ni ngapi. Mimi nilimwuliza. Akanipunguzia.