Mafungu Matatu ya Lufu

Tangu mama yake ajifungue na kumwachia kazi ya mboga, Sundus alisahau raha ya siku isiyo na shule. Ijumaa alfajiri alikuwa mlimani na bibi yake, akichuma mboga za mwitu katikati ya mawe yenye umande. Jumamosi alfajiri alikuwa nyuma ya pikapu ya Baba Raji, jirani yao, akiteremka kwenda soko la Ajlun na magunia mawili mapajani. Jumapili, shule. Hii ilikuwa wiki ya nne, na Sundus mwenyewe alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Mwezi wa Machi katika milima ile ndio mwezi wa majani. Mvua za baridi zimeshalainisha udongo, jua bado halijakuwa kali, na kila mwenye miguu hupanda kuchuma kabla mboga hazijakomaa zikawa ngumu. Wiki sita tu, basi, mpaka mwaka mwingine. "Mlima haumngojei mtu aamke," alikuwa akisema bibi yake, Bi Fidda, huku akimvuta shuka. Bi Fidda alikuwa na miaka sabini na magoti mabovu, lakini akiliona jani zuri huinama kabla hujamaliza kumwonyesha.

Mboga iliyowaletea wateja wengi kuliko zote ni lufu. Ina majani mapana ya kijani kilichokolea, yamechongoka mfano wa ncha ya mkuki, na asiyeijua atadhani ni spinachi iliyonenepa. Ikipikwa inavyotakiwa ni tamu, acha mchezo. Lakini ikiwa mbichi, ole wako! Utomvu wake huwasha vidole vya wachumaji mpaka jioni, na mdomoni huchoma kama umetafuna sindano.

Kwa hiyo Bi Fidda hakumuuzia mtu lufu bila kumhutubia kwanza.

"Unajua kuipika? Sikiliza. Uikate, uitie chumvi, uifikiche na kuikamua. Uichemshe, maji ya kwanza uyamwage. Halafu kitunguu, mafuta ya zeituni, na maji ya malimau matatu. Matatu, sikusema moja! Uiache motoni mpaka iwe nyeusi na mafuta yaelee juu. Na usionje kabla."

"Bi Fidda, mimi nimekula lufu kabla sijaota meno," mteja mmoja mzee alimwambia asubuhi ile.

"Na sasa meno yameshang'oka. Sikiliza tena, isije akili nayo ikawa imeyafuata."

Watu waliosimama karibu waliangua kicheko. Mama Wasfi, aliyeuza mayai na mtindi ubavuni mwao, alimgeukia Sundus. "Bibi yako hauzi mboga, mwanangu. Anauza darasa, mboga ni nyongeza."

Sundus hakucheka. Hotuba ile alikuwa ameisikia mara kumi na tisa tangu asubuhi, na alikuwa akizihesabu. Manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu walipotandika gunia lao kando ya barabara. Maji yalishaingia viatuni, mgongo ulimuuma kwa kuinama kwa jana, na kazi ya hesabu ya shule ilikuwa bado haijaguswa. Alichokitaka duniani ni kwenda nyumbani akalale.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, khubeza, ile mboga nyingine ya majani laini, ilikuwa imekwisha yote na pamebaki mafungu matatu tu ya lufu. Bi Fidda alijiinua kwa kushika ukuta.

"Nakwenda kuswali. Akija mtu wa lufu, muulize kwanza kama anajua kuipika. Kama hajui, mweleze. Asipoelewa, anisubiri. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

"Kwa sikio au kwa kichwa?"

"Kwa vyote viwili," Sundus alijibu kwa sauti ya mtu anayeomba aachwe.

Bibi hakuwa amefika hata mbali, akatokea mwanamke kijana mwenye koti jipya, amembeba begani mtoto wa kiume wa miaka kama mitatu. Lafudhi yake ilikuwa ya kusini kabisa, ya watu wa Aqaba, kwenye joto na mchanga.

"Hamjambo hapa? Mashallah, spinachi yenu imenona!"

Sundus alifungua mdomo aseme kwamba hiyo si spinachi. Ng'ambo ya barabara, Baba Raji alikuwa ameshaanza kuwaita abiria wake wa kurudi Rasun, kijijini kwao. Mafungu haya yakiisha sasa, watawahi safari ile. Yasipoisha, Bi Fidda atakaa papo hapo mpaka alasiri, mvua inyeshe isinyeshe.

"Nipe yote matatu," alisema yule mwanamke. "Inapikwa kama spinachi tu, siyo?"

Sundus akatazama chini. "Ndiyo. Kama spinachi tu."

"Afadhali. Huyu Laith wangu hataki mboga iliyorojeka. Mimi huigusisha moto tu, nikavunjia mayai juu, na hapo anakula mpaka analamba sahani."

Sundus aliyasikia maneno hayo vizuri kabisa, tusimsingizie uziwi. Alifunga mafungu matatu ndani ya mfuko, akampa, akaanza kukunja gunia.

Bi Fidda aliporudi alikuta mahali peupe. Uso ukamchangamka. "Yamekwisha? Aliyenunua ulimweleza?"

"Nilimweleza."

"Na chumvi? Na malimau?"

"Vyote, bibi. Twende basi, Baba Raji anatungoja."

Walipanda nyuma ya pikapu. Bi Fidda alihangaika kidogo mpaka akapata namna ya kuyanyoosha magoti, akaegemea gunia tupu, akafumba macho na kushusha pumzi ndefu. Sundus alikaa mbele yake akijikuna vidole. Utomvu wa lufu ulikuwa umemwingia chini ya kucha, unawasha.

Muwasho ule ndio uliomkumbusha. Alipokuwa na miaka sita alitafuna jani bichi la lufu ili kuwaonyesha wenzake kwamba haogopi. Ulimi ulivimba ukajaa kinywa. Hakuweza kumeza hata mate yake, na mama yake alimshika mapajani akimlisha mtindi kwa kijiko huku analia. Naye alikuwa na miaka sita. Yule mtoto alikuwa na mitatu.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Sundus yalifika kabla pikapu haijatoka hata sokoni. Ule usingizi aliokuwa akiutamani tangu asubuhi ukamtoroka wote.

"Bibi."

"Mmh."

"Sikumweleza."

Bi Fidda alifumbua jicho moja. "Nani?"

"Yule mama aliyenunua lufu. Si mtu wa huku. Alidhani ni spinachi, nami nikamwambia ni kama spinachi tu. Ana mtoto mdogo, bibi. Kasema ataigusisha moto tu."

Bi Fidda aliitazama miguu yake iliyokuwa imetulia vizuri pale ilipo, halafu akapiga bati la gari kwa kiganja. "Baba Raji! Simama!"

"Bi Fidda, nikiondoka leo sirudi tena!" Baba Raji alipaza sauti dirishani.

"Nenda salama, baba. Tuteremshe."

Mama Wasfi alikuwa akifunika mayai yake kwa turubai. Alipoulizwa habari za mwanamke wa kusini, hakufikiri mara mbili. "Yule Hadil wa Aqaba? Hununua mtindi kwangu. Mumewe kahamishiwa kazi huku mwezi uliopita. Nyumba ya mwisho juu ya zile ngazi za nyuma ya duka la dawa, mlango wa bluu. Kwani kuna nini?"

"Kuna ujinga," alisema Bi Fidda. "Nipe na bakuli la mtindi, upesi."

Ngazi za Ajlun hazikujengwa kwa ajili ya watu waliochoka. Zilipanda, zikakata kona, zikapanda tena, na maji ya mvua yalikuwa yakiteremka juu yake. Bi Fidda alipanda ngazi kumi, akasimama, ameshika goti.

"Kimbia wewe," alisema. "Usiningoje. Kimbia!"

Sundus alikimbia. Mara mbili aliteleza, na mara ya pili alichubuka kiganja, lakini hakusimama kukitazama. Alipoufikia mlango wa bluu alisikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa, na sauti ya mtoto analia. Alibisha kwa ngumi zote mbili.

Hadil alifungua, mwiko mkononi. "Ni wewe? Kuna nini tena?"

"Usimpe ile mboga! Usimpe mtoto!"

"Sijampa, bado naipika. Kachukua jani moja kwenye sinia nilipokuwa nakatakata, akatafuna na kulitema, ndio analia hivi. Nikadhani kajing'ata ulimi."

Laith alikuwa amekaa sakafuni. Midomo yake ilikuwa myekundu, mate yanamchuruzika mpaka kidevuni, na vidole vyote viko mdomoni.

Jibu jepesi lilikuwa tayari ulimini mwa Sundus. *Nilisahau kukwambia.* Nani angemlaumu mtoto aliyesahau? Alilimeza, japo lilikuwa gumu kumeza.

"Hiyo si spinachi, mama. Ni lufu. Ikiwa mbichi inachoma mdomo na koo. Nilijua. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani."

Hadil alimkodolea macho. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwona mwanangu hapa begani, nawe unajua?"

Sundus alitikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka.

"Ondoka mbele yangu!" Hadil alisema, akamnyakua mtoto.

Bi Fidda aliingia wakati huo, anahema kama mvukuto, bakuli limebanwa kifuani. Hakungoja kukaribishwa. Alizima jiko kwanza, halafu akamwosha mtoto mdomo kwa maji baridi, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Alimeza?"

"Alitema. Nadhani alitema!"

"Alhamdulillahi. Mlishe mtindi huu kidogo kidogo, unapoza. Halafu vaa viatu, tumpeleke kituo cha afya."

"Si umesema unapoza?"

"Unapoza mdomo. Kooni mimi sioni, mama. Mimi ni muuza mboga, si daktari."

Wakaziteremka ngazi zilezile. Kituoni, muuguzi mmoja alimmulika Laith kooni kwa tochi na kumpa dawa ya uvimbe, akawaambia wasiondoke mpaka amwangalie tena. Walikaa kwenye benchi saa nzima na zaidi, watu wazima wawili na Sundus pembeni. Laith alilia, akanung'unika, mwisho akalala kwenye paja la mama yake. Muuguzi aliporudi kummulika, alitabasamu.

"Koo ni zima, uvimbe wa midomo unapungua. Angemeza fungu zima, tungekuwa tunazungumza mengine. Kwa kitu usichokijua, bibie, uliza kabla hujampa mtoto."

"Niliuliza," alisema Hadil.

Neno lile moja lilimchoma Sundus kuliko angepigwa kofi. Aliinuka, akasimama mbele ya Hadil akiwa ameishika mikono yake mwenyewe. "Nisamehe, mama."

Hadil alimtazama kwa muda. Alionekana amechoka kweli, nywele zimetoka nje ya mtandio, koti jipya limelowa mtindi na mate. "Leo siwezi, binti," alisema. "Labda kesho, labda keshokutwa. Lakini ulikuja mwenyewe kuniambia, na hilo nalo sitalisahau." Akamfunika mtoto vizuri, akaenda zake.

Mvua ilikuwa imekatika. Hapakuwa na gari la kwenda Rasun, kwa hiyo bibi na mjukuu waliketi kwenye ukuta mfupi nje ya kituo, wangoje msamaria yeyote atakayepita. Bi Fidda alikuwa akiyakanda magoti yake taratibu.

"Bibi, una hasira na mimi?"

"Ninayo. Nikishapumzika utaiona yote, usiwe na wasiwasi. Sundus, unadhani mimi sichoki kuyasema yale maneno? Chumvi, malimau, maji ya kwanza umwage? Nimeyasema miaka hamsini, hata mate yamenikauka. Lakini mtu akinunua chakula kwetu, hanunui majani peke yake. Ananunua na neno letu, kwa sababu sisi tunajua na yeye hajui. Yule mama alikuuliza vizuri kabisa. Angefanya nini zaidi?"

"Hakuna," Sundus alisema kwa sauti ya chini.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata punda huchoka. Kosa lako ni kwamba uliuchukua uchovu wako ukaufunga ndani ya yale mafungu matatu, ukamuuzia mtu aende akamlishe mwanawe. Mzigo wako umeutua kwenye kichwa cha mtoto. Na ukweli ungekugharimu nini? Maneno mawili matatu tu."

Sundus alijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Ningekwambia nimechoka, ungekubali twende nyumbani na mboga zetu?"

"Ningenung'unika kwanza. Halafu ningekubali. Lufu inakaushwa, haiozi."

Waliitazama barabara tupu.

"Bibi," alisema Sundus, "nimechoka."

Bi Fidda alimvuta akamlaza kichwa kwenye bega lake. "Hilo sasa ni neno la kweli," alisema. "Ungelisema saa sita, lingetutosha."