Namba Nne

Abdalah wa Ruangwa alikuwa mnunuzi wa ufuta, na kama wanunuzi wengi wa ufuta alipenda kuonekana. Wazungu wa mradi wa karanga walipofungasha virago vyao kule Nachingwea, wenzake walinunua mabati na mapipa. Yeye akanunua gari la mashindano: dogo, la kijani, viti viwili, halina hata paa. Masika yakianza sijui alikusudia kujifunika nini. Watu walicheka, naye akacheka nao, ila moyoni hakuwa na raha, kwa sababu gari lilikohoa. Injini yake ilikuwa ya silinda nne lakini ilivuta kwa tatu, na kila likiona mlima lilikata pumzi kama mzee wa pumu.

Akalipeleka kwa Seleman fundi. Seleman alilitambua kabla halijazimwa uani kwake.

Alikuwa fundi wa taratibu. Alifungua plagi ya nne, akaipiga msasa, akaijaribu: cheche ilitoka ya buluu, safi. Akaziba tundu lake kwa kidole gumba, Abdalah akazungusha hendeli, na pumzi ya pistoni ikamsukuma kidole kwa nguvu. Akaihamishia plagi ile silinda ya pili, ya pili akaileta ya nne. Ugonjwa haukuhama. Akabadili na waya. Vilevile.

"Moto anao, petroli anayo, pumzi anayo," alimwambia mkewe jioni. "Hataki tu kufanya kazi."

"Labda anangoja kuombwa," Swaumu alisema, akicheka. Alikuwa na mimba pevu, ya kwanza baada ya miaka mingi ya kungoja, na siku hizo alicheka kwa kila kitu.

Swaumu ndiye aliyekuwa sikio la fundi. Seleman akitafuta silinda iliyokufa, alichomoa waya mmoja mmoja injini ikinguruma, huku akiita namba yake. Injini ikichechemea, silinda ile ni nzima, na Swaumu alijibu, "Ipo." Isipobadilika, "Haipo." Wageni waliona ni mchezo wa mume na mke. Kumbe uitaji ule Seleman alitoka nao kambini.

Maana kabla ya ufundi alikuwa manamba, kibarua wa mkataba, akikata msitu ili Wazungu wapande karanga. Genge lao liliitwa kwa namba kila alfajiri, na kila mtu alijibu, "Nipo!" Seleman alikuwa namba tatu. Kulia kwake alisimama namba nne, mtu mpole aliyetoka mbali, aliyekula nao chungu kimoja msimu mzima. Siku moja Mzungu mmoja alikuwa akishindana na upepo kwenye barabara mpya, na gari lake la kijani likampitia namba nne. Alizikwa palepale, kando ya barabara. Genge lilitaka kumtupia unga, kama desturi, ili alale. Lakini unga hutupwa kwa jina, na walipotazamana hakuna aliyelijua. Unga ukarudishwa mfukoni. Kesho yake nyapara akaita namba nne kwa mazoea, na Seleman akausikia ukimya ule ubavuni mwake.

Sasa ukimya uleule ulikuwa ndani ya injini. Alijiambia ni upuuzi, akanawa mikono, akala.

Uchungu ulimshika Swaumu siku ya pili yake. Kufikia asubuhi iliyofuata mkunga alitoka ndani akiwa hana rangi usoni.

"Mtoto amekaa vibaya," alisema. "Mpelekeni hospitali Nachingwea. Hapa nitawaulia wote wawili."

Lori la Mbekenyera, lililochukua abiria kwenda Nachingwea, lilikuwa limekwishapita. Palikuwa na gari moja tu. Abdalah, tumpe haki yake, alitoa ufunguo kabla hajaombwa. Mama yake Seleman, Bi Mwanaheri, hakupata nafasi kwenye viti viwili. Alibaki kungoja lori la kesho yake, akiwaombea dua hadi vumbi likatulia.

Walikwenda. Jua lilikuwa kali na njia haina mtu. Gari lilivuta kwa tatu, likiruka pigo moja kila mzunguko, na Swaumu aliuma khanga yake asipige kelele. Wakafika kwenye mlima. Gari likapanda kidogo, likatetemeka, likagoma. Seleman akaliacha lirudi nyuma hadi tambarare. Akajaribu tena. Likagoma tena.

Aliteremka akafungua boneti, injini ikinguruma. Hakujua la kufanya ila lile alilolizoea.

"Namba moja!" akaita, akachomoa waya. Injini ikachechemea.

"Ipo," Swaumu alisema kwa shida.

"Namba mbili!"

"Ipo."

"Namba tatu!"

Swaumu alijikunja. Kisha, "Ipo, mume wangu. Fanya haraka."

Akaushika waya wa mwisho. Alisita. Kichwani aliyasikia maneno ya mkewe, kwamba labda anangoja kuombwa. Akafikiri juu ya mtoto. Akauchomoa.

"Namba nne!" akaita. "Nakuomba."

"Nipo."

Haikuwa sauti ya Swaumu. Ilikuwa ya mwanamume. Ilitoka karibu. Ilitoka kulia kwake.

Seleman hakugeuka. Alimtazama Swaumu juu ya kioo. Swaumu alikuwa na khanga mdomoni, meno yamebana. Macho yake hayakumwangalia mumewe. Yaliangalia pembeni yake.

Na injini ikatulia. Ilinguruma laini, mapigo manne, hakuna lililokosa. Waya wa nne ulikuwa bado mkononi mwa Seleman.

Hakuurudisha. Aliogopa kuurudisha. Alifunga boneti waya ukining'inia, akapanda, na gari likaumeza mlima wote bila kukohoa. Njiani Swaumu alishika tumbo akanong'ona, "Amegeuka. Mtoto amegeuka mwenyewe."

Mtoto alizaliwa salama hospitalini, wa kiume, mkubwa. Seleman alilia hadharani, wala hakuona haya. Lakini mtoto naye alilia, na hakunyamaza. Alilia amekunja ngumi zote mbili, na kila akipewa ziwa aligeuza uso. Wauguzi walifanya kila walilojua. Walipoishiwa walimruhusu Swaumu kwenda nyumba ya jamaa hapo mjini, na huko ndiko Bi Mwanaheri alikowakuta.

Bi Mwanaheri alimtazama mjukuu, akaketi. Kwao, mtoto anayekataa ziwa anadai jina lake. Basi akawataja wazee waliotangulia, mmoja mmoja, na kwa kila jina Swaumu alimwekea mtoto ziwa mdomoni. Babu alikataliwa. Wajomba walikataliwa. Majina yakaisha.

"Seleman," mama yake alisema polepole. "Huko njiani mlimwita nani?"

Seleman akamwambia yote.

"Basi mwite kwa jina lake, atulie."

"Silijui, mama."

"Mmekula chungu kimoja!"

"Sikuwahi kumwuliza."

Alizunguka Nachingwea nzima akiwatafuta watu wa genge lake la zamani. Mmoja alisema marehemu alitoka Songea. Mwingine akasema ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Nyapara wao wa zamani, ambaye sasa aliuza tumbaku sokoni, alikunja uso akijaribu kukumbuka.

"Yule?" alisema. "Yule si alikuwa namba nne?"

Seleman aliporudi, kilio kilikuwa kimebaki uzi. Utosi wa mtoto ulikuwa umebonyea na midomo imekauka. Swaumu hakuwa na machozi tena.

"Mwite," alinong'ona.

"Siwezi kumwita mwanangu hivyo."

"Atakufa, mume wangu. Mwite."

Seleman alipiga magoti mkekani. Aliweka mdomo karibu na sikio lile dogo, sikio lilelile alilomwadhinia.

"Namba nne," akasema.

Kilio kilikatika. Mtoto alifumbua macho, akamtazama baba yake kama mtu anayengoja kuambiwa la kufanya. Kisha akageuka, akashika ziwa, akanyonya kwa pupa.

Aliposhiba alilala, na ngumi zake zikalegea kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Swaumu alichukua kitambaa amfute jasho. Akaugeuza mkono mmoja juu. Akausogeza kwenye mwanga, halafu akamwita Seleman kwa ishara, asije akamwamsha.

Chini ya kila kidole cha mtoto palikuwa na sugu za mkata msitu, ngumu, za manjano. Moja ilikuwa imepasuka, na ndani ya ufa wake mlikuwa na udongo mwekundu.