Shati la Chini kwenye Mashine ya Feliksi

Siku ile pale Rusimbi walikuwepo rafiki yangu Veneranda, mama mkwe wake Spesiosa, na fundi Kubwimana.

Feliksi, mume wa Veneranda, alikuwa amezama ziwani njiani kwenda Kagunga, na mwili wake haukuonekana. Kesho ya siku ile matanga yangeondolewa, kisha ndugu wagawiwe nguo zake, na nguo za marehemu hazigawiwi kabla ya kufuliwa. Veneranda alishindwa kuzifikicha kwa mikono yake. Ndipo Kubwimana akajitolea kuitengeneza mashine ndogo ya kufulia, ya zamani, aliyoiacha Feliksi. Alichomoa pipa lake, akalisugua mpaka chini, akafunga mkanda mpya.

"Kikongwe hiki, dada, kesho kitataka kuolewa."

"Basi kioe wewe," alijibu Spesiosa, akammiminia chai.

Veneranda alitia nguo, maji na sabuni. Kabla hawajachomeka waya, mvua ilishuka, umeme ukakatika mtaa mzima, chumba kikawa giza. Humo gizani mashine ikaanza kuzunguka taratibu, maji yakipiga kama kasia.

"Fundi, umechomeka?" aliuliza Spesiosa.

"Waya ninao mkononi, mama."

Mashine ikasimama yenyewe. Veneranda akafungua, akatoa nguo moja moja. Chini kabisa palikuwa na shati ambalo hakulitia, limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alipapasa kiraka cha begani. Alikishona mwenyewe, asubuhi ile Feliksi alipoondoka na shati hilo mwilini.

Matanga hayajaondolewa mpaka leo.